Jailos Alivyomchezea Lutengano Msiba

Miaka ile Uyole ilikuwa viazi na pareto pande zote za barabara, na Jumamosi watu walishuka milimani kutazama ngoma ya beni ya Ahmadi. Beni hasa, siyo huku kurukaruka kwa siku hizi. Wachezaji walijipanga kama jeshi la wazungu: palikuwa na kapteni, sajenti, hata nesi mwenye ndevu! Ahmadi, muuza vitambaa, hakuwahi kushika bunduki, lakini kapteni alikuwa yeye. Jailos, fundi baiskeli aliyepigana kweli na Wajapani huko Bama, alipewa filimbi.

Aliipuliza bila kinyongo. Kilichomuuma kilikuwa kimoja, Mama Tupokigwe. Jailos na Lutengano, mwana wa mama huyo, waliingia Keya, jeshi la Mwingereza, siku ileile. Akarudi Jailos peke yake. Maiti haikuja, kwa hiyo wanaume hawakucheza msiba kwa mikuki kama ilivyo desturi ya Wanyakyusa, na kwa Tupokigwe mtu asiyechezewa msiba hajafa. Mwaka wa tisa huo, akimwona Jailos sokoni anageuka, anapita njia nyingine.

Mwaka 1954 Ahmadi akabuni mchezo wa vita. Askari anapigwa risasi, anaanguka, nesi anamtekenya, anafufuka anakata mauno. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Jumamosi ya pili Jailos akamwona Tupokigwe kwenye umati, kapu la viazi kichwani, hacheki.

Yotamu, aliyecheza maiti, akaanguka. Nesi akasogea na vidole vyake. Filimbi ikanyamaza.

"Mwache," Jailos akasema.

"We Jailos, puliza!" kapteni akafoka. "Unaharibu mchezo!"

"Kapteni, umeona wapi maiti ikikata mauno? Yotamu, lala hapohapo. Ukiamka nakuzaba kofi."

Yotamu akalala tuli. Jailos akanyakua mkuki wa bati wa mchezaji mmoja, akamzunguka, anakanyaga kwa kishindo, anachoma hewani, anaita: Lutengano! Lutengano! Watu wa mjini wakazidi kucheka, wakidhani ndiyo utamu wenyewe. Wanaume wa milimani wakatazamana, wakatua mizigo. Mmoja akaingia na fimbo yake, wa pili, wa kumi. Vumbi likatimka. Ndipo Tupokigwe akashusha kapu, akajifunga kanga tumboni, akalia, na wanawake wakampokea.

Ahmadi, apewe haki yake, alivua kofia ya ukapteni.

Kilio kilipopoa, Jailos alijitenga pembeni, anangoja kutukanwa. Tupokigwe akamfuata.

"Kesho mje nyumbani. Nina dume moja la ng'ombe, litachinjwa kwa msiba wake."

"Ndiyo, mama."

"Sasa kaa chini uniambie alivyokufa. Na usinichekeshe kama hao wapumbavu wenzako."

Jailos akakaa. Miaka tisa alikuwa na maneno hayo kifuani. Akaanza na mvua ya Bama, jinsi Lutengano alivyoidharau, ati haifiki hata nusu ya mvua ya Tukuyu.

Mama akacheka kidogo, akafuta pua kwa kanga.

"Endelea, mwanangu," akasema.