Sauti ya Gitaa Lenyewe

Dada yangu hutengeneza magitaa kinyonga. Ndivyo wateja wake wanavyoyaita magitaa ya umeme yenye kompyuta ndogo tumboni: ukizungusha kitufe linalia kama gitaa kavu la mbao, ukizungusha tena linalia kama la nyuzi kumi na mbili, kisha kama banjo. Hutengeneza pia amplifaya za jamii hiyo, zinazojifanya amplifaya nyingine. Ana miaka kumi na sita katika kazi hiyo, yote ndani ya chumba kilichokuwa stoo, na kati ya meza yake na kitanda cha mama kuna ukuta wa mbao tu.

Mama alianza kupotewa na kumbukumbu miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo huwaita watu. Akiita "Wifi" anamtaka shangazi yetu. Akiita "Kaka" anamtaka mjomba. Wote wawili tulishawazika. Dada huitikia bila kuweka chini chuma cha kulehemu. Akiwa shangazi, sauti huipitisha puani. Akiwa mjomba hutanguliza kikohozi kikavu mara mbili, kama mjomba alivyozoea kukohoa badala ya kubisha hodi. Mama husikia, hutulia. Jina ambalo hajaliita muda wote huo ni Kifungua, alilompa dada utotoni kwa kuwa ndiye kifungua mimba wake.

Mwezi uliopita mwenye duka la vyombo vya muziki, mji wa mbali, alimtaka dada akaongoze karakana yake. Dada aliponipa habari kwenye simu alisema ina madirisha manne, kisha akasema tena, manne. Stoo haina hata moja. Mimi husahihisha miswada ya vitabu, kazi inayobebeka, kwa hiyo tulikubaliana nije nikae wiki moja. Mama akinizoea, nihamie mimi, dada aende zake. Jibu lilitakiwa Jumamosi saa sita mchana, mwenye duka atakapopita kuchukua gitaa kinyonga alilokuwa ameliacha litengenezwe.

Siku ya kwanza niliharibu. Mama aliita "Kaka", nami nikaona kumdanganya mzazi ni kumkosea adabu. Nikamshika mkono, nikamwambia taratibu kuwa kaka yake alishafariki. Akalia kama aliyepokea habari hiyo kwa mara ya kwanza, na kwake ndivyo ilivyokuwa. Uji akausukuma. Ng'ambo ya ukuta kikasikika kikohozi kikavu, mara mbili, na mama akajifuta machozi.

"Huyu mwanamke ananitania," akamwambia ukuta, akininyooshea kidole. "Eti umekufa."

Dada aliniambia baadaye, bila ukali, kwamba nimemfisha mjomba mara ya pili na mazishi nimemwachia yeye.

Nikaanza kujifunza kukohoa. Dada alinifundisha jikoni, mimi mtu mzima mwenye shahada, ananiambia kikohozi changu ni cha mgonjwa, mjomba hakuwa mgonjwa, alikuwa anatangaza kwamba amefika. Jumatano mama alinisikia akacheka: "Huyo siye. Huyo anamwigiza." Alhamisi akatega sikio kabla ya kukataa. Ijumaa jioni nilikohoa nikiwa mlangoni, naye akasema, "Karibu, Kaka, mbona umechelewa?" Nikamlisha sahani nzima. Nilipotoka, dada alikuwa amesimama kwenye korido na bisibisi mkononi. Akaenda kuteremsha sanduku lake kabatini.

Jumamosi asubuhi sanduku lilikuwa limefungwa, limesimama karibu na mlango wa stoo, na gitaa la mwenye duka limelazwa mezani juu ya taulo. Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Kuigiza liliigiza vizuri, sauti zote zilikuwapo, lakini ukizima kompyuta ili lilie kwa sauti yake lenyewe, halitoi kitu. Mafundi wawili walikuwa wameifuta kumbukumbu yote ya kompyuta na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, bila faida. Dada haanzii huko. Yeye husema kabla ya kuuliza gitaa linaigiza nini, uliza lenyewe linasemaje. Akafungua kifuniko cha nyuma, akafuata waya mmoja mwembamba kutoka kwenye sumaku zilizo chini ya nyuzi hadi kwenye swichi. Pale ulikuwa umeng'oka, umebaki kuegemea tu. Tone moja la risasi ya kulehemu likatosha.

Akaliunganisha na amplifaya, akazima uigizaji wote, akapiga kujaribu. Vidole vyake vikaenda penyewe kwenye kipande alichojifunzia akiwa msichana, kwenye gitaa la marehemu baba: noti sita zinapanda, mbili zinashuka, na ya mwisho huikosea kila siku. Akaikosea.

"Kifungua," mama akaita. "Umerudi kutoka shule?"

Mkono wa dada ukabaki juu ya nyuzi. Nilimwona akifungua kinywa na kukifunga, kama anayetafuta ajibu kwa sauti ipi.

"Nimerudi, mama," akasema.

"Usitoke tena. Nje jua kali."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nilimtazama nikitamani asijibu.

"Sitoki."

Nikamvuta hadi kwenye korido, nikamwambia kwa kunong'ona kwamba mama atasahau kabla ya chakula cha mchana, kwamba kikohozi nimekiweza, kwamba sanduku limefungwa.

"Najua atasahau, mdogo wangu," akasema. "Lakini aliyejibu safari hii ni mimi."

Mwenye duka alifika kwa wakati. Alizungusha kitufe, akasikiliza sauti moja baada ya nyingine, akazima uigizaji, akatabasamu. Dada akamwambia gitaa limepona ila yeye hatakuja. Yule bwana aliliona sanduku, akamtazama dada, akawa na staha ya kutouliza.

Alipoondoka dada alivuta mezani amplifaya iliyokuwa ikisubiri zamu. Kabla hajaifungua alinakili kwenye karatasi mahali kila kitufe kilipokuwa, kama afanyavyo siku zote. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika mpini wa sanduku, sijui nilirudishe kabatini au nisubiri.

"Kaka," mama akaita.

Tukakohoa wote wawili.