Mgawanyo Uliofichwa

Nilipokuwa mwalimu wake, darasani tulimwita Kipeo, kwa kuwa sikuwahi kumpa hesabu ikamshinda. Alisoma hisabati hadi chuo kikuu, na sasa hutengeneza programu za kompyuta kwa yeyote anayemletea kazi, moja baada ya nyingine. Ofisi yake ni meza iliyo kando ya dirisha, nyumbani kwa baba yake. Kaka yake ni fundi umeme.

Kila alipofika mgeni, baba aliwatambulisha kwa namna ileile.

"Huyu mkubwa ni fundi. Taa zote unazoziona ni mkono wake." Kisha alimgeukia Kipeo, akakohoa. "Na huyu... yupo yupo na kompyuta."

"Mimi ni mwanahisabati, Baba. Natengeneza programu. Sina bosi."

"Umesikia mwenyewe, mgeni wangu. Hana kazi."

Wageni walicheka, na Kipeo alicheka nao, huku kijiba cha roho kikizidi kukua. Alifika mahali pa kuchukia hata mlio wa swichi. Alitaka kitu kimoja tu: siku moja baba yake amtaje kwa kazi yake.

Ndipo kaka akamletea karatasi. Alikuwa akiweka umeme katika karakana ya washonaji. Mashine, pasi na feni, jumla vyombo arobaini na vitatu, vilipaswa kugawanywa katika njia tatu za umeme, pasiwepo njia inayoelemewa kuliko nyingine.

"Mdogo wangu, kichwa kimegoma. Hebu nikwamue."

Kipeo aliandika programu fupi. Kabla chai haijapoa, alikuwa na migawanyo miwili. Wa kwanza ulilingana karibu kabisa. Katika wa pili, njia moja ilizidi nyingine kwa umeme wa pasi moja. Haukuwa na hatari, na fundi yeyote angeupokea. Alitazama yote miwili kwa muda mrefu. Ampe na huu ulio bora, ili asifiwe tena? Akanakili wa pili, kwa mwandiko mzuri.

Kazi ilipokamilika, kaka aliwaita yeye na baba karakanani, akafungua sanduku la swichi mbele ya mwenye karakana.

"Baba, leo usinisifu mimi. Nyaya nimefunga, lakini hesabu ni ya huyu. Kaimaliza kabla chai haijapoa!"

Baba alimshika Kipeo begani. "Bwana, huyu ni mwanangu mdogo. Ni mwanahisabati."

Neno alilolisubiri miaka yote lilimchoma. Alitamani kunyamaza. Alimtazama kaka yake, aliyesimama akitabasamu bila chembe ya kinyongo, na hilo nalo akamwonea wivu.

"Kuna mgawanyo bora kuliko huu," alisema. "Nilikuwa nao. Niliuficha."

"Ukauficha kwa nini?" kaka aliuliza.

"Ungesifiwa wewe."

Kaka alizitazama skrubu zake, moja moja. "We mwehu! Nyaya zote hizi nimeshazikaza!" Alizima swichi kuu, akamtupia bisibisi. "Shika. Unafungua wewe."

Kipeo alifungua hadi vidole vikaota malengelenge, kaka akiwa ameketi kwenye kigoda, akimsomea orodha ya mgawanyo ule bora. "Taratibu, profesa, huo waya si mkia wa ng'ombe!"

Mpita njia alichungulia mlangoni, akamuuliza baba huyo fundi mpya ni nani.

"Si fundi, ni mwanahisabati," baba alijibu. "Hana bosi. Ila leo anaye."