Na ya Kutolea, Je?

Jumamosi, kwenye dirisha la kutuma pesa Flemingdon Park, huku ughaibuni, dada aliyenitangulia kwenye foleni alikuwa akifoka. Juzi alimtumia mama yake Morogoro hela ya dawa, kamili. Mama alipokwenda kuitoa kwa wakala, tozo ya serikali ikaimega, dawa zikamshinda.

"Sababu ya kutuma?" akauliza karani, Mkenya mmoja mpole.

"Andika: kulipia tozo ya pesa ya juzi."

Karani akaacha kuandika. "Na hii ya leo, dadangu, umeweka ya kutolea?"

Dada akafumba macho, akafungua tena pochi.

Mshahara wake huku hukatwa kodi kabla hajauona. Akinunua sabuni, anakatwa tena kodi kaunta. Haya, tumezoea. Lakini jamani, mgonjwa hajameza hata kidonge kimoja, na serikali ya kwao imeshameza mara mbili!