Aliyesema Hajui

Mbunifu wa meza ya dirishani hutafuna ncha ya kalamu anapofikiri, na wauguzi wakimweleza shida zao huinamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Mwenzake, aliyeajiriwa naye siku moja, humtazama kwa jicho la pembeni. Wote wawili wanaunda programu ya akili mnemba ya kupanga zamu za hospitali, ambako sheria inakataza muuguzi kuunganisha zamu bila kupumzika. Lakini mbunifu wauguzi humwita "dada yetu". Mwenzake wanamwita "bwana kompyuta". Juzi alikuja mkaguzi wa serikali, akaonyesha jina kwenye orodha ya zamu, akauliza, "Muuguzi huyu alikuwa amepumzika. Kwa nini programu ilimnyima zamu?" Bwana kompyuta alikuwa na jibu tayari mdomoni, amelitunga papo hapo, tena lilikuwa tamu. Mbunifu akamtangulia. "Sijui, mzee. Nipe mpaka mchana nitafute." Mkaguzi, ambaye hakuwa mtu wa kucheka na watu, akavuta kiti akaketi kando yake. "Basi tutafute wote." Bwana kompyuta akabaki amesimama, roho inamuuma. Wakaguzi wangapi amewajibu vizuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi naye.