Kiti cha Mbele, Mbaraki

Mimi ni mtu wa kujivuna, sitaki kuficha. Niliporudi kutoka vitani Burma, ambako niliendesha lori za jeshi, nilipita vichochoro vya Mji wa Kale utadhani nimevijenga mwenyewe. Mtaa mzima ulinishangilia isipokuwa babangu. Alikuwa mwalimu wa chuoni, akisomesha watoto Kurani, na siku niliyojiandikisha alisema vita vya watu havinihusu. Niliporudi nilimbusu mkono, akaniuliza kama nimekula. Habari za vita hakuniuliza hata neno. Jambo hilo liliniuma kuliko yote niliyoyaona huko.

Ndipo ikapitishwa ile sheria: kila shughuli ya serikali ianze kwa kuwatukuza askari waliorudi. Wasomewe majina, wapewe viti vya mbele, na mtu asiwatangulie. Wenzangu wa maghala ya Shimanzi, nilikopata kazi, waliicheka.

"Wazungu wamekosa cha kuwapa, wamewapa viti!"

Mimi sikucheka. Nilikitaka hicho kiti, na nilitaka babangu anione nimekikalia.

Shughuli ya kwanza ilikuwa kufunguliwa zahanati ya serikali Mbaraki, asubuhi. Nilipiga pasi kanzu yangu mara mbili. Karani akasoma jina langu, mimi huyo, kifua mbele, mpaka kiti cha tatu. Nikageuka kumtafuta babangu. Alikuwa amekuja na wazee wenzake, nao walikuwa wametandikiwa mkeka chini, nyuma ya viti vyetu.

Sasa niambie, ungefanyaje? Kwetu mtoto hakai kitini babake akiwa chini, tena ampe mgongo! Hata walevi wa bandarini wanalijua hilo. Nikabaki nimesimama. Karani akanikazia macho.

"Keti, bwana. Ndiyo sheria."

Nikamjibu kwamba sheria yake haikunilea. Watu wakaanza kunong'ona, na afisa aliyekuja kuifungua zahanati akasita na hotuba yake mkononi. Kiti nilichokitamani kilikuwa mbele yangu na sikuweza kukikalia. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira.

Babangu akainuka mkekani, akaja polepole katikati ya watu mpaka niliposimama.

"Wangoja nini?"

"Siwezi kukupa mgongo, baba."

"Keti kitako. Vitani ulikwenda weye. Mimi n'likuwa hapa nikila samaki."

Akanibonyeza bega mpaka nikakaa, kisha akarudi kwa wenzake. Sikuthubutu kugeuka. Afisa alihutubu kwa muda mrefu, nami sikushika hata neno moja, kwa kuwa nyuma yangu babangu alikuwa akimwambia mzee wa pembeni yake, kwa sauti ile ile ya kusomeshea ambayo hakuwahi kujua kuipunguza:

"Yule wa tatu ni mwanangu. Alikuwa Burma."