Unyayo Ambao Bibi Hakuuona

Juzi nilikuwa Bariadi mjini, kliniki ya sukari, nesi kaniinua mguu kama anayekagua kwato za ng'ombe. Binti mdogo tu, sawa na mjukuu wangu wa mwisho. Akaniambia, "Mayu," ndivyo kwetu tunavyomwita mama, "tafuta kioo kidogo, kila asubuhi uangalie chini ya nyayo. Usingoje kusikia maumivu, maana hutayasikia." Nikaitikia. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, hata kandambili zikanishinda kuvaa.

Bibi yangu hakuwa na kioo, alikuwa na mimi tu.

Ngoja nikwambie bibi alikuwa nani. Kule Shishiyu nilikokulia, mtu akichomwa na mwiba, akiingiwa na funza, kisigino kikipasuka mpaka damu, alikwenda kwake. Alikaa kwenye kigoda karibu na zizi, mguu wa mtu kaubana mapajani, sindano kaipitisha motoni, samli ya kupaka iko pembeni kwenye kikopo. Jirani yetu mmoja, pande la mtu, alipiga kelele kama anachinjwa. "Unaniua, mayu!" Bibi wala hakuinua kichwa. "Umeoa wake watatu hukulia, leo unalia mwiba?" Watu wakavunjika mbavu. Wengine walimletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, tukaichemsha tukala na karanga. Michembe ya siku hizi haina ule utamu, au ni haya meno yangu, sijui.

Nimepotea. Nilikuwa kwenye mguu.

Mwaka mmoja, pamba imeshavunwa, bibi akakanyaga kisiki cha pamba shambani. Hakusikia kitu, tuliona damu njiani ndipo akajua. Miguu yake ilikuwa na ganzi siku nyingi. Maji alikunywa kama ng'ombe wa kiangazi, na alipokojoa nyuma ya nyumba sisimizi walijaa, sisi watoto tukacheka. Ni huyu nesi wa juzi aliyenieleza kwamba hiyo ndiyo sukari. Miaka yote hiyo!

Basi yeye aliyetazama nyayo za watu wote, unyayo wake mwenyewe hakuweza kuuona, mgongo ulishakataa kupinda. Kila jioni aliniita akanyoosha mguu. "Mjukuu wangu, kunaonekanaje?" Namwambia pekundu, au panatoa maji, naye anatengeneza dawa kwa kufuata maneno yangu.

Zikaja ngoma za baada ya mavuno, zile za kucheza na nyoka, siku tatu nzima. Shangazi akasema bibi akizidiwa, mimi nitabaki kumwangalia. Jioni ile nikatazama. Katikati palikuwa peusi, na harufu yake nisiiseme.

"Kunaonekanaje?"

"Pamekauka, bibi."

"Kweli?"

"Kweli. Kabisa."

Akanishika kichwa, akasema haya, nenda ukacheze.

Nikacheza siku zote tatu. Sikufichi, nilifurahi.

Niliporudi mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali, mimi nakimbia nyuma nalia mpaka wakanirudisha. Alikuja kurudi na mguu mmoja. Hakuna aliyeniuliza neno, na yeye ndiye hakuniuliza kabisa. Watu nao wakaacha kumletea miiba yao, sijui waliona aibu au waliogopa. Sasa hata zizi lile halipo, pamelimwa. Watoto wanavaa viatu, vizuri, sikatai, lakini sijaona tena mtu akimpakata mwenzake mguu mchafu na kumtania huku anamtibu.

Siku zile, mchana alijilaza kwenye ngozi ya ng'ombe, akaniita, "Njoo unikune kisigino, kinaniwasha." Kisigino cha mguu uliokatwa. Siku ya kwanza nilisimama tu kama gogo. Akaita tena. Nikachuchumaa, nikaikuna ile ngozi ya ng'ombe, pale mguu ungekuwepo.

"Hapo, bibi?"

"Hapo hapo," akasema, akafumba macho. "Una mkono mzuri, mjukuu wangu."