Baba Aliyeketi na Wageni

Watu walimwita Cheche kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti ya mji ule mdogo aliyatengeneza yeye, na mikono yake ilijaa makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno alimwachia mkewe, na mkewe alipofariki kwa ugonjwa wa figo, Cheche alibaki na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa darasa la tano. Mdogo, ambaye mama yake alimpachika jina la Kasuku kwa kupenda kuongea, alikuwa hajaanza shule.

Msiba ulipokwisha ndugu waliondoka mmoja mmoja. Dada yake mkubwa ndiye aliyebaki wa mwisho, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Mdogo wangu, mwanamume hawezi kulea wasichana peke yake. Nipe mimi."

"Acha kwanza nijaribu, Dada."

Alilisema hilo akiwa ameinamisha macho. Dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao akiwa kazini, na ndiye aliyeacha shule ili yeye asome. Kumpinga usoni lilikuwa jambo lisilowezekana.

Basi akajaribu. Uji wa kwanza uliungua, wa pili ukawa na madonge, wakaunywa hivyo hivyo. Nywele zikamshinda kabisa, ikabidi amwombe mama muuza mboga wa jirani amfundishe kusuka. Jumapili alikaa nyuma ya karakana, binti mkubwa katikati ya magoti yake.

"Baba, unavuta."

"Vumilia kidogo."

"Baba, hiki ni kichwa, siyo geti."

Kasuku alicheka mpaka akakaa chini. Vijana wa gereji waliokuwa wakipita nao hawakumwacha: "Fundi, ukimaliza na mimi nisuke." Cheche alicheka nao, japo ilimchoma kidogo. Mistari ilikwenda upande, lakini haikufumuka wiki nzima.

Mambo yakaanza kukaa sawa. Halafu asubuhi moja, mkubwa akiwa sasa darasa la saba, Kasuku alikuja mbio karakana.

"Baba, Dada amejifungia chooni. Anatoka damu, anasema anakufa."

Cheche alivua miwani ya kazi, akaenda kusimama nje ya mlango wa choo. Jasho lilimtoka kuliko mbele ya moto.

"Mwanangu, hufi."

"Nakufa, Baba."

"Hufi. Mama yako naye alikuwa hivyo kila mwezi. Wanawake wote wako hivyo. Ni ukubwa tu."

"Hata mwalimu mkuu?"

"Hata yeye."

Akaenda duka la dawa na ovaroli lake, akaomba pedi mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Muuzaji akamuuliza za nani. "Za binti yangu," akajibu, kwa sababu hakuona cha kuficha. Aliporudi alimpitishia mwanawe pakiti chini ya mlango, baada ya kumsomea maelezo yaliyoandikwa juu yake, neno kwa neno.

Kabla ya jua la mchana, mji ulikuwa umeshajua. Sokoni wakaulizana ni baba gani huyo anayezungumza na binti yake mambo ya ndani. Yule mama muuza mboga aliacha kumleta mwanawe kucheza na Kasuku. Hakusema sababu, alisema tu mtoto ana kazi nyumbani.

Wiki iliyofuata dada yake alifika kutoka mji wa jirani, pamoja na mumewe na kaka wa marehemu. Wakaketi sebuleni. Hakuna aliyepandisha sauti, na hilo ndilo lililomvunja nguvu Cheche.

"Hatusemi umekosea, shemeji," alianza mume wa dada. "Lakini watu wanasema. Kesho atakuja nani kumwoa binti aliyelelewa hivi?"

Cheche alimgeukia dada yake. "Dada, watoto wamekosa nini kwangu?"

"Hawajakosa kitu. Ila mimi ndiye niliyekulea, na leo nakuomba."

Cheche aliinuka, akaingia chumbani. Alikunja nguo za wanawe mwenyewe. Kasuku alidhani wanakwenda kutembea, akauliza watarudi lini. Mkubwa hakulia. Gari lilipokaribia kuondoka alimuuliza taratibu, "Baba, ni kwa sababu ya siku ile?"

"Hapana," akajibu. Binti alimtazama kidogo, kisha akageuza uso dirishani.

Shangazi yao aliwalea vizuri, hakuna anayeweza kusema vinginevyo. Walisoma, walikula, walifunzwa adabu. Wakati wa likizo walipokuja kwa baba yao, walikaa ukingoni mwa kiti na kuomba ruhusa ya kuingia jikoni. Kasuku alijibu alipoulizwa tu. Majirani waliwasifu sana kwa utulivu wao, na Cheche aliitikia asante.

Mkubwa alipopata mchumba, posa ilipokewa kwa shangazi. Mume wa shangazi aliketi mbele, akazungumza kama baba. Cheche alifika na shati jipya, akaonyeshwa kiti upande wa wageni, kwa kuwa nafasi nyingine zilikuwa zimejaa. Mjomba wa mchumba alimtambua.

"Ala, fundi. Geti langu bado liko imara. Kumbe na wewe umealikwa?"

"Nimealikwa," alisema Cheche.

Binti alipita na sinia la chai. Akasema, "Karibu, Baba," na wanaume wawili wakaitikia kwa pamoja. Cheche ndiye aliyeikatisha sauti yake.

Jioni Kasuku alimsindikiza hadi stendi. Sasa alikuwa msichana mrefu. Walipofika karibu na magari, Kasuku alisimama.

"Baba, kwa nini hukukataa?"

Alifikiri kumwambia habari za heshima, za dada aliyemlea, za watu na midomo yao. Yote yalikuwa kweli.

"Niliogopa," alisema. "Niliona wote wanajua kunizidi."

Kasuku aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayeelewa lakini hajasamehe. Akasema lazima awahi kurudi, Shangazi atauliza, akamuaga kwa adabu na kuondoka kwa hatua za haraka. Cheche alipanda gari, akapata kiti cha nyuma.